Nianzie wapi kumsoma Sri Aurobindo?

Msomaji mmoja, mwalimu wa sekondari huko Tanga, ameniandikia hivi: "Kwenye meza ya vitabu vya mitumba nilinunua kitabu cha Sri Aurobindo kiitwacho The Life Divine. Nimekianza mara tatu, na kila mara nakwama karibu na ukurasa wa 30. Nikatafuta vitabu vyake vingine, nikakuta siasa, tamthilia, tafsiri za Veda, utenzi mrefu ajabu na barua zisizohesabika. Huyu mtu alikuwa nani hasa? Mwanasiasa, mshairi, mwanafalsafa au mtawa? Nianzie wapi? Na mimi ni Mwislamu, nina faida gani kumsoma?"

Mwalimu, nakusalimu, na ninakushukuru kwa kuuliza wazi wazi. Wengi hukinunua kitabu hicho, wakakwama, wakajiona hawana akili ya kutosha, kisha wakanyamaza. Nami nilikwama hapo hapo, zamani, nikiwa na nakala niliyoazimwa na mzee mmoja wa Kihindi pale Mombasa aliyekuwa na duka la vitambaa. Niliporudisha, aliniuliza swali moja tu: "Ulijua kwamba hiki hakikuandikwa kama kitabu?" Sikujua. Swali lile ndilo lililonifungulia mlango, na ndilo nitakalokupitisha nalo.

Mwaka 1914 Aurobindo alikuwa ametimiza miaka 42. Miaka minne kabla ya hapo alikuwa amekimbilia Pondicherry, mji wa pwani ya kusini-mashariki mwa India uliokuwa chini ya Wafaransa, mahali ambapo polisi wa Kiingereza hawakuwa na amri. Mfaransa aitwaye Paul Richard alifika huko na mkewe Mirra, akapendekeza waanzishe pamoja jarida la falsafa. Toleo la kwanza likatoka tarehe 15 Agosti 1914, siku ya kuzaliwa ya Aurobindo, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imelipuka siku chache tu nyuma. Jarida likaitwa Arya. Mwaka uliofuata Richard akalazimika kurudi kwao kwa sababu ya vita, na kurasa 64 za kila mwezi zikabaki juu ya bega la mtu mmoja. Alizijaza mpaka Januari 1921, miaka sita na nusu.

Ukifunua toleo la kwanza la Arya utakuta sura ya The Life Divine, sura ya The Synthesis of Yoga, sura ya kitabu chake juu ya siri ya Veda, maandiko matakatifu ya kale kabisa ya Kihindu, na ufafanuzi wa Isha Upanishad, moja ya maandiko ya hekima yaliyofuata Veda, zote pamoja, kila moja ikikatika na kungoja mwezi ujao. Baadaye zikaongezeka insha zake juu ya Gita, andiko jingine takatifu la Wahindu, mfululizo juu ya umoja wa wanadamu, mwingine juu ya maendeleo ya jamii, mwingine juu ya ushairi wa siku zijazo, na utetezi wa utamaduni wa India dhidi ya Mskoti William Archer, aliyekuwa ameandika kana kwamba Wahindi hawajastaarabika. Mtu huyu alikuwa akiendesha mashamba manne, matano kwa wakati mmoja, na kila mwisho wa mwezi mtambo wa kuchapia ulikuwa unamngoja. Baadaye alieleza kwamba hakuwa mwanafalsafa kamwe. Alikuwa mshairi na mwanasiasa, na falsafa aliiandika kwa kuwa Richard alimwomba, naye akaona hana budi kuyaweka katika lugha ya akili yale aliyokuwa ameyaona katika yoga, yaani nidhamu yake ya ndani ya kumtafuta Mungu.

Ndiyo maana unakwama. The Life Divine ilisomwa kwanza na watu waliopata sura kwa mwezi, wakawa na siku 30 za kuitafuna. Halafu mwaka 1939 na 1940, ilipotolewa kama kitabu, aliipitia upya, akapanua, akaongeza sura nzima, hadi zikawa sura 56 katika kurasa zaidi ya 1,000. Ukianza ukurasa wa kwanza jioni moja na kutaka kufika ukurasa wa 50 kabla ya kulala, unakula chakula cha mwezi mzima kwa mkupuo. Tumbo lolote lingekataa.

Basi kifunge kwa sasa. Kiweke mahali utakapokiona.

Ulichouliza kwanza ni nani hasa huyu mtu, na hapo nitapita haraka kwa sababu maisha yake yanapatikana kirahisi. Alizaliwa Calcutta mwaka 1872. Baba yake, daktari aliyependa mno mambo ya Kiingereza, hakutaka watoto wake wakue wakiongea Kibengali. Aurobindo akiwa na miaka saba akapelekwa Uingereza na kaka zake, wakalelewa Manchester katika nyumba ya mchungaji. Akasoma St Paul's School ya London, kisha King's College, Cambridge. Kigiriki na Kilatini vilimkaa kama lugha ya nyumbani, na Kifaransa pia. Akafaulu mitihani ya utumishi wa serikali ya kikoloni, akakosa nafasi kwa sababu hakutokea kwenye mtihani wa kupanda farasi. Alirudi India mwaka 1893 akiwa Mwingereza kwa kila kitu isipokuwa damu, akaajiriwa na mtawala wa Baroda, magharibi mwa India, na hapo ndipo alipojifunza Sanskrit, lugha ya kale ya maandiko ya India, na kuimudu lugha ya mama yake kwa bidii ya mtu mzima. Mtu aliyeijia lugha yake kwa njia ya kitabu huiandika kwa namna ya pekee, na utaliona hilo.

Waingereza walipoligawanya jimbo la Bengal, kwao Aurobindo, mwaka 1905, aliacha kazi ya Baroda akaingia katika siasa za Calcutta na gazeti la Bande Mataram. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kudai hadharani uhuru kamili, si nafuu ya ukoloni. Mwaka 1907 aliandika mfululizo juu ya kugoma na kususia serikali bila silaha, miaka mingi kabla kampeni za Gandhi hazijaanza nchini India, ingawa yeye hakuwahi kusema kwamba kutotumia nguvu ni sheria ya kila wakati. Mei 1908 akakamatwa katika kesi ya mabomu ya Alipore, iliyowahusu wanamapinduzi walioshtakiwa kula njama dhidi ya serikali, akakaa mahabusu mwaka mzima, akatetewa na wakili Chittaranjan Das, akaachiliwa Mei 1909. Hakimu aliyemwachilia alikuwa amesoma Cambridge wakati mmoja na yeye.

Na hapa ndipo ninapotaka uanzie, Mwalimu. Usianzie kwenye falsafa, anzia gerezani.

Baada ya kutoka aliandika kwa Kibengali masimulizi ya mwaka ule, yakachapwa katika jarida moja la Calcutta kwa jina la Karakahini. Yametafsiriwa kwa Kiingereza kama Tales of Prison Life. Ni kitabu chembamba, cha jioni mbili. Chumba chake kilikuwa na urefu wa futi 9 na upana wa futi 5 au 6, bila dirisha, mbele kuna nondo. Alipewa sahani moja na bakuli moja. Analieleza bakuli lile kwa upole na kicheko kisicho na chuki: asubuhi alilitumia chooni, kisha akalitumia kusukutua, kisha kuogea, na chakula kilipokuja humo humo ikamiminwa dengu au mboga, na humo humo akanywea maji. Bakuli hili, anasema, limeshinda ubaguzi wote wa tabaka. Kisha analilinganisha na afisa wa utumishi wa kikoloni ambaye mtu yule yule ni hakimu, ni mkusanya kodi, ni msimamizi wa polisi, ni kila kitu.

Halafu uji. Wafungwa walipewa uji wa wali, na ulikuja kwa sura tatu. Siku ya kwanza mweupe, mtupu. Siku ya pili umechanganywa na dengu, una rangi ya manjano. Siku ya tatu umetiwa sukari guru, una rangi ya kijivu, na huo ndio uliokaribia kulika. Aurobindo anazipa sura hizo tatu za uji majina ya hali tatu za Nafsi Kuu katika Upanishad. Msomaji Mhindu wa wakati ule angecheka kwa sauti, kisha angetulia, kwa sababu katika kurasa zinazofuata mtu huyu huyu anasimulia jinsi kuta, nondo na mti uliokuwa uani vilivyoanza kuonekana kwake kama vilivyojaa uwepo wa Mungu. Hakuvitenganisha. Uji mbaya na Mungu vimo katika ukurasa mmoja. Kuna hata sisimizi: weusi wakishambuliwa na wekundu, naye amekaa sakafuni akijaribu kuwaokoa weusi.

Ukikisoma hicho kwanza, utakapokutana na sentensi zake ndefu za falsafa utakuwa unamjua anayezungumza. Kwangu mimi hilo lilibadili kila kitu. Nilikuwa nimemdhania mzee wa ndevu nyeupe aliyeketi juu ya wingu, kumbe ni mtu aliyewahi kuogea bakuli alilolia chakula.

Mlango wa pili ni barua. Mwaka 1926 Aurobindo alijifungia, akawa haonekani na wanafunzi wake isipokuwa siku chache tu za mwaka ambazo walipita mbele yake kimya, mmoja mmoja. Ashram, yaani makazi ya pamoja ya wanafunzi wake, iliyokua kumzunguka iliongozwa na Mirra, yule aliyekuja mwaka 1914, ambaye sasa wote walimwita Mama. Lakini mtu aliyejifungia hakunyamaza. Wanafunzi walimwandikia katika madaftari, akayarudisha yakiwa na majibu pembeni mwa kurasa. Katika miaka ya 1930 kazi hii ilimla usiku baada ya usiku, mpaka Novemba 1938 alipoanguka akavunjika mguu wa kulia na barua zikakatika kwa kiasi kikubwa.

Waliuliza nini? Kila kitu. Kwa nini nikifumba macho kutafakari napata usingizi? Nile kiasi gani? Nifanye nini na hasira yangu kwa mwenzangu tunayefanya naye kazi jikoni? Shairi langu hili lina kasoro gani? Nina huzuni isiyo na sababu, je, nimeshindwa? Mmoja wao, Nirodbaran, alikuwa daktari aliyesomea Scotland, akamwuliza kuhusu wagonjwa, kuhusu ushairi, kuhusu mashaka yake, na majibu aliyopata yana utani wa ndugu na ndugu. Mwingine, Dilip Kumar Roy, mwimbaji mashuhuri, alikuwa mtu wa majonzi na malalamiko, na subira aliyojibiwa nayo mwaka hadi mwaka ni somo la ualimu. Wewe unayesahihisha madaftari, kaa na kurasa hizo. Hakuna anapomdhalilisha mwanafunzi kwa kuuliza tena lile lile.

Barua zimekusanywa katika mabuku mazito, lakini wewe chukua Bases of Yoga, kijitabu cha mwaka 1936 kilichotolewa kutoka humo. Baada yake chukua The Mother, cha mwaka 1928, chenye sura sita fupi, nacho pia kwa sehemu kubwa kilianzia kwenye barua. Sura ya nne inahusu fedha. Ndiyo, fedha. Anasema fedha ni alama ya nguvu kubwa ya ulimwengu, kwamba si halali kuiabudu, na si sawa pia kuikimbia kama mtawa anayeogopa kuchafuka. Kwake, anayeikataa kabisa anaiacha mikononi mwa wanaoitumia vibaya. Nimewasomea sura hiyo wahasibu, wafanyabiashara na shehe mmoja rafiki yangu, na hakuna aliyekaa bila la kusema.

Sasa nifike pale moyo wangu unapokaa, kwenye Savitri, ule "utenzi mrefu ajabu" uliokutana nao. Mswada wa kwanza unaojulikana ni wa mwaka 1916. Alikuwa bado anausahihisha alipokaribia kufa, Desemba 1950. Kila kitu kingine kilikuwa na mhariri anayengoja au mwanafunzi anayengoja, lakini huu haukungojewa na mtu. Alieleza kwamba aliutumia kama ngazi: kila alipofika hatua mpya ndani yake, alirudi akauandika tena kutoka hapo. Macho yalipochoka mwishoni, alisema kwa mdomo na Nirodbaran akaandika. Una mistari karibu 24,000, katika vitabu 12.

Kisa chenyewe ni cha Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa India, na ni kifupi. Savitri, binti wa Mfalme Ashwapati, anatumwa atafute mume mwenyewe. Anamkuta msituni Satyavan, mwana wa mfalme kipofu aliyenyang'anywa nchi. Anaporudi nyumbani, Narada, mjuzi wa mbinguni, anatoa habari: kijana hana kasoro yoyote ila moja, atakufa mwaka mmoja kutoka leo. Wazazi wanamwambia achague mwingine. Anakataa, kwa kuwa moyo huchagua mara moja. Siku inafika. Satyavan anakata kuni, kichwa kinamuuma, anakilaza pajani pa mkewe. Anakuja Yama, mungu wa kifo, na kitanzi chake, anaitoa roho, anaondoka. Savitri anamfuata. Kila Yama anapomwambia arudi, anajibu kwa maneno ya hekima kiasi kwamba Yama anampa zawadi: macho ya baba mkwe, ufalme wake, wana 100 kwa baba yake. Mwishoni anampa wana 100 kwa Satyavan. Hapo Savitri anamwuliza, nitawapataje bila mume? Na Yama amenaswa.

Aurobindo aliuchukua mtego huo wa maneno akauondoa. Kwake Kifo hakidanganyiki. Kifo ni mwenye akili kuliko wote, msomi baridi anayejua kwamba upendo ni njaa ya mwili iliyovaa nguo nzuri, kwamba maadili ni ndoto za ubongo, kwamba ardhi hii haikuwahi kumtii yeyote aliyetaka kuibadilisha. Hoja zake zina nguvu kweli, na mwandishi hakumfanya mjinga ili ashindwe. Savitri anajibu hoja kwa hoja katika giza, kurasa na kurasa, na anaposhinda, anapewa kitu kigumu zaidi kukikataa: abaki mbinguni na mumewe, kwenye raha isiyokwisha. Anakataa. Anataka kurudi duniani. Kitabu cha mwisho ni kifupi, nacho ni habari ya wawili hao kurudi.

Kwa sikio lililolelewa na tenzi, matayarisho kidogo yanahitajika. Mstari wake una mizani 10, hauna vina, na haukatiki katikati kama vipande vyetu vya mizani 8. Ukingojea kina utajiona umeachwa hewani. Sikiliza badala yake uzito wa mstari mmoja mmoja. Unaanza na mstari ambao nikiutia katika lugha yetu ni hivi: "Ilikuwa saa ile kabla miungu haijaamka." Usome kwa sauti, mistari 20, kisha ufunge. Utenzi wetu nao ulitungwa usomwe kwa sauti mbele ya watu, kwa hiyo hili si geni kwako. Na ukifika kitabu cha nane, kile cha kifo cha Satyavan, utashangaa kuona kina sehemu moja tu, nayo imeandikwa juu "Sehemu ya Tatu". Si kosa la wapiga chapa. Ilibaki kutoka mswada wa zamani; baadaye aliigusa kidogo tu na kuongeza mistari kadhaa, lakini hakuwahi kuijenga upya kikamilifu. Utenzi mzima ukiwa umejengwa upya mara nyingi, chumba cha kifo chenyewe kilibaki karibu kama kilivyokuwa mwanzo. Kila ninapofika hapo husimama.

Sasa umeshaona, nadhani, kwa nini swali lako la mwanasiasa, mshairi, mwanafalsafa au mtawa halimshiki. Mfungwa anayemwona Mungu mbele ya bakuli la uji, mwalimu anayesema fedha isikimbiwe, Savitri anayekataa pepo ili arudi duniani, wote wanashikilia jambo moja: kwamba maisha haya ya mwili na vumbi ndiyo uwanja wa kazi, na hatukuja kuyakimbia. The Synthesis of Yoga ina maneno yaliyowekwa mbele kabisa: maisha yote ni yoga. Kwa mila ya utawa wa India, ambayo kwa karne nyingi iliheshimu zaidi aliyeuacha ulimwengu, huo ulikuwa ugomvi mkubwa, na alijua kwamba anagombana na wakubwa, akiwemo Shankara aliyefundisha kwamba ulimwengu ni kiinimacho.

Kuna maandishi yake ya kijamii pia, na hapa nitakuomba usome sura moja tu kwa sasa. Katika The Ideal of Human Unity, ulioandikwa wakati mizinga ya Vita Kuu ikinguruma, anakubali kwamba wanadamu wanaelekea kuungana, kisha anaonya kwamba muungano wa kulazimisha watu wafanane utakuwa kifo. Katika sura juu ya utofauti ndani ya umoja anazungumzia lugha: lugha ya watu ni alama ya uhai wa utamaduni wao, na taifa linaloipoteza halipati tena uhai wake kamili. Mwandishi wa maneno hayo ni mtoto aliyelelewa bila lugha ya mama yake. Wewe unayefundisha Tanga utaisoma sura hiyo kwa jicho lako mwenyewe.

Niseme pia jambo la kutahadhari. Hotuba zake za 1908 na 1909, hasa ile ya Uttarpara aliyoitoa baada ya kutoka gerezani, zinaunganisha taifa la India na dini ya kale ya Kihindu kwa maneno ya moto. Watu wa siasa hupenda kuyanukuu peke yake. Yasome, lakini yaweke karibu na ujumbe wake wa tarehe 15 Agosti 1947, siku India ilipopata uhuru naye akatimiza miaka 75, ambapo anahuzunika kwamba nchi imegawanywa kwa misingi ya dini na kuzungumzia ndoto ya umoja wa wanadamu wote. Kati ya hizo mbili kuna miaka 38 ya kufikiri. Anayemnukuu 1909 bila 1947 hakumsoma. Na tafsiri yake ya Veda kama mafumbo ya safari ya ndani ni nzuri kuisoma, lakini wataalamu wengi wa Sanskrit hawakubaliani nayo, kwa hiyo ichukue kama usomaji wa mshairi mkubwa.

Kuhusu Uislamu wako nitasema wazi, maana hukuniuliza ili nikupambe. Mwaka 1934 aliandika kwamba lengo lake si kukuza dini moja, wala kuchanganya za zamani, wala kuanzisha mpya. Hatakutaka ubadili chochote. Lakini usijidanganye kwamba mnasema kitu kimoja. Kwake ulimwengu si kiumbe kilichotengana na Muumba, bali ni Yeye mwenyewe anajidhihirisha hatua kwa hatua, kutoka maada hadi uhai, hadi akili, na hadi fahamu iliyo juu ya akili inayosubiri kushuka. Kwake roho hurudi katika miili mingine. Hayo hayakai pamoja na itikadi yako, na hakuna haja ya kuyalazimisha yakae. Faida utakayoipata iko mahali pengine: katika kumwona mtu aliyefanya kazi ya ndani kwa ukweli wa kikatili kwa nafsi yake, akaweza kuieleza kwa maneno ambayo hata asiyeamini alichoamini anaweza kuyapima kwa maisha yake. Jambo moja litakufurahisha: ujanani alitunga tamthilia iliyochukua kisa chake katika Alfu Lela u Lela, inaitwa The Viziers of Bassora. Haikutolewa mpaka baada ya kufa kwake.

Maandishi haya huhitaji kuyanunua. Ashram ya Pondicherry imetoa mkusanyo wake kamili na kuuweka kwenye intaneti, na mabuku yake yanapakuliwa bure. Anza na gereza. Kisha barua, mwezi mmoja au miwili, kidogo kidogo kabla ya kulala. Savitri kwa sauti, siku za Jumapili, kwa mistari isiyozidi 20.

Halafu kirudie kile kitabu chako. Kirudie kama msomaji wa Arya, sura moja, ukae nayo wiki nzima. Sura ya pili inamsikiliza kwa heshima mtu asemaye kwamba hakuna ila maada. Ya tatu inamsikiliza mtawa asemaye kwamba hakuna ila Mungu na ulimwengu ni ndoto. Ukurasa wa 30, kwa kadiri ya nakala ninazozijua, uko karibu na mahali sura hizo zinapokwisha. Mara zote tatu, Mwalimu, umewasikiliza wageni wake wawili mpaka mwisho, ukaondoka mwenye nyumba alipofungua kinywa.